Homa: Dalili au Ugonjwa?

Neno homa tulilipata katika Kiarabu, kwa maana ya joto la mwili lililozidi kiasi. Lakini katika nchi ya malaria, kama kisiwa cha Mafia, dalili ilitwaa jina la ugonjwa: asemaye ana homa huhesabiwa kuwa ana malaria. Kabla ya mwaka 1880, Laveran alipogundua vimelea vya malaria katika damu, kosa hilo lilikuwa na udhuru, sasa halina. Mwanamke aliyekoma hedhi aweza kushikwa na homa itokanayo na usaha uliokusanyika katika mji wa mimba, mlango wake ukiwa umezibwa na saratani. Twapendekeza, basi, watafsiri na walimu waandike malaria wanapokusudia malaria, na homa ibaki kuwa dalili, ili bibi wa Kilindoni aulizwe: “Homa ya nini?”