Watu wenye majina mawili katika njia ya misafara

Oktoba 1873, Chuma, mtumishi wa mpelelezi Livingstone, aliingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akiwa amewatangulia wenzake. Alileta barua iliyoandikwa na mwenzake Jacob Wainwright: Daktari Livingstone amefariki, na mwili wake unakuja mabegani mwa watu. Aliyeipokea ni Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye alikuwa akiugua homa na macho. Msimamizi wa msafara wa Cameron alikuwa Sidi Mubarak Bombay.

Wainwright alitekwa utotoni, akaokolewa baharini, akalelewa na wamisionari kule Nasik, India, na huko ndiko alikopata jina la Kiingereza. Bombay, Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akavushwa bahari hadi India, akarudi Afrika na jina la mji. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika vitabu vya wapelelezi wa Kizungu, ingawa aliwaongoza wengi wao: alikuwa Tabora na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871.

Tabora ilikuwa njia panda. Kutoka Bagamoyo misafara ilifika hapa, kisha wengine wakaelekea Ujiji, wengine Karagwe na Buganda, wengine Katanga. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa watu huru waliojadiliana ujira wao, na ni dhuluma kuwachanganya na mateka. Lakini mateka nao walipita humu humu, wakisukumwa kuelekea pwani na Unguja, na aliyewanunua ndiye aliyewapa majina.

Unguja hiyo ndiyo alikozaliwa mchoraji Lubaina Himid, mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria, na mama yake, Mwingereza, akarudi kwao na mtoto wa miezi minne. Himid alikulia Uingereza, akasomea ubunifu wa jukwaa la maigizo, na mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni Naming the Money, ya mwaka 2004. Ni watu 100 waliochorwa kwenye mbao zilizokatwa kwa umbo la mtu mzima, wakasimamishwa ukumbini ili mtazamaji apite katikati yao. Wapo wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafunza mbwa: Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Wamevaa rangi kali, nyuso zimeinuliwa. Ukizunguka nyuma, mgongoni mwa kila mmoja kuna karatasi ya hesabu, kama ya duka, yenye maneno machache: jina lake la asili, jina aliloitwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao, kazi anayoifanya sasa, na kile kilichombakia moyoni ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Himid hakuwachora wakiwa na minyororo. Nadhani alifanya sawasawa, kwa sababu picha za minyororo tumeziona mpaka zimeanza kuwaficha watu wenyewe. Yeye anataka tujue fulani alikuwa fundi wa nini.

Kazi hiyo sasa ni mali ya jumba la makumbusho ya utumwa la Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara hiyo. Kwihara nako kuna makumbusho, ila nyumba inaitwa Tembe la Livingstone. Sina ugomvi na Livingstone. Ninachoomba ni kwamba wachoraji wa Tabora wachukue mbao na rangi wawasimamishe uani Chuma, Wainwright na Bombay, kwa ukubwa wao halisi. Mgongo wa Bombay utajaa: alivuka bara zima na Cameron hadi pwani ya Angola mwaka 1875, alitunukiwa nishani ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, na alifariki mwaka 1885.