Kikinza cha taa ya LED

Kikinza cha taa ya LED (pia: rezista ya LED) ni kifaa cha elektroniki kinachounganishwa na LED, yaani diodi inayotoa nuru, ili mkondo wa umeme usizidi kiwango ambacho diodi hiyo inaweza kuhimili.

Umuhimu

Balbu ya uzi hujizuia yenyewe kwa kiasi fulani, kwa sababu ukinzani wa uzi huongezeka unapopata joto. LED haina kinga hiyo. Ikishafikia volteji yake ya kuwaka, nyongeza ndogo ya volteji huongeza mkondo kwa wingi, nayo hupata joto na kuungua.

Volteji na rangi

Rangi ya nuru hutegemea nusu-kipitishi kilichotumika kutengeneza diodi, na kila kimoja kina volteji yake:

- nyekundu na njano: takriban volti 2
- buluu na nyeupe: takriban volti 3 hadi 3.4
- kijani: takriban volti 2 kwa aina za zamani, zaidi ya 3 kwa zile zinazong'aa sana

LED ndogo ya milimita 5 kwa kawaida haipaswi kupitisha zaidi ya miliampea 20. Miliampea 10 hadi 15 hutosha.

Kukokotoa

Hutumika kanuni ya Ohm. Volteji ya LED hutolewa katika volteji ya chanzo, kisha jibu hugawanywa kwa mkondo katika ampea:

R = (V chanzo − V LED) ÷ I

Mfano: betri ya volti 9 na mkondo wa miliampea 15 (ampea 0.015).

- LED nyekundu: (9 − 2) ÷ 0.015 = ohm 467. Kikinza cha karibu kinachopatikana ni ohm 470 (mistari ya njano, zambarau, kahawia).
- LED ya buluu: (9 − 3.2) ÷ 0.015 = ohm 387. Hutumika ohm 390 (chungwa, nyeupe, kahawia).

Thamani kamili isipopatikana, huchaguliwa ile ya juu zaidi. Nguvu inayogeuka joto katika kikinza cha LED nyekundu ni 7 × 0.015, yaani takriban wati 0.1, kikinza cha robo wati kinatosha.

Betri ya gari ya volti 12 hufikia takriban volti 14 injini inapowaka, hivyo hesabu hufanywa kwa volti hizo 14.

Kuunganisha

Mguu mrefu wa LED huelekea upande chanya. Mguu mfupi, ulio upande uliobapa wa kichwa, huelekea hasi. Kikinza kinaweza kuwekwa upande wowote wa LED, kwani mkondo ni uleule katika njia nzima.

LED kadhaa zikiunganishwa kwa mfuatano, volteji zao hujumlishwa na kikinza kimoja hutosha. Kwa nyekundu tatu na betri ya volti 9: (9 − 6) ÷ 0.015 = ohm 200; hutumika ohm 220.

Zikiunganishwa sambamba, kila LED huhitaji kikinza chake. Nyekundu na ya buluu zikitumia kikinza kimoja, nyekundu hushikilia volteji kwenye volti 2 hivi, na ya buluu haiwaki kabisa.

Hesabu hizi ni za betri na umeme mnyoofu wa volti ndogo. Hazifai kwa umeme wa nyumbani wa volti 230, ambao unaweza kuua.