Neno "Kibla" na Pembe Yake: Kutoka Pwani hadi Kasongo na Kabambare

Katika Kiswahili cha pwani, neno kibla lina maana mbili: upande wa Makka anaouelekea mwenye kusali, na kaskazini. Maana hizo hazikugongana, kwa kuwa ukiwa Unguja pembe iliyopo kati ya pande hizo mbili haifiki nyuzi 2. Neno moja lilitosha.

Hali ilibadilika neno hilo lilipofuata misafara ya bara. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo, nayo Kabambare ikawa kituo kwenye njia itokayo Ziwa Tanganyika. Mwaka 1893 Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, lakini Uislamu na Kiswahili vilibaki. Huko maana mbili za kibla zimeachana: kwa hesabu ya tufe, Makka iko nyuzi 26 mashariki ya kaskazini halisi kwa aliye Kasongo, na nyuzi 24 kwa aliye Kabambare.

Pembe hiyo ya Kasongo ina majina mengi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waligawa duara la dira katika sehemu 32, kila moja ikiwa nyuzi 11 na dakika 15. Kwao ni sehemu 2 na theluthi hivi. Kila sehemu ikihesabiwa isba, yaani vidole, 7, duara zima lina vidole 224, na pembe yetu ni vidole 16. Mpima ardhi agawaye duara katika gredi 400 ataandika 29; mwanahisabati ataandika radiani 0.45. Pembe ni ile ile. Lakini anayeichukua 29 ya gredi akaisoma kama nyuzi amekosea kwa nyuzi 3, kosa linalozidi tofauti iliyopo kati ya Kasongo na Kabambare.

Kosa la kushikilia maana ya pwani ni kubwa zaidi. Mstari unaotoka Kasongo moja kwa moja kaskazini hufika usawa wa Makka katika jangwa la kaskazini-magharibi mwa Sudani, zaidi ya kilomita 1,300 magharibi mwa Kaaba. Wanazuoni wanaoridhika na upande wa jumla hawaibatilishi sala kwa tofauti hiyo. Wanaotaka Kaaba yenyewe hawawezi kuipuuza.

Ipo njia isiyohitaji kipimo chochote. Karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai kila mwaka, jua husimama juu ya Kaaba. Saa za Maniema huwa ni saa 5 na dakika 18 asubuhi kwa siku ya kwanza, na saa 5 na dakika 27 kwa ya pili. Anayelielekea jua wakati huo ameelekea Makka. Kwa hiyo kamusi inayofasiri kibla kuwa "kaskazini" haina budi kutaja pia mahali: fasiri hiyo ni sahihi Unguja, si Kasongo.