Nyuzi Hazichagui Mkono

Nilikulia Nyololo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, nikiamini kwamba ligombo ni chombo cha wazee wa kiume. Chombo hiki cha Wahehe ni ubao uliochimbwa kama hori dogo, na nyuzi zikalazwa juu yake. Ni ndugu wa kinubi. Hata Hugh Tracey alipoirekodi sauti yake mwaka 1950, mpigaji alikuwa mwanamume, Pancras Mkwawa. Dada yangu alipougusa uzi mmoja tu, aliambiwa, “Mtoto wa kike hapigi nyuzi, nenda ukatwange.” Aliuondoa mkono, na hakuurudisha tena.

Baadaye nilisoma habari za Ulaya, nikashangaa. Huko kinubi hudhaniwa kuwa cha wanawake. Okestra ya Vienna Philharmonic haikuwa na mwanachama mwanamke hadi 1997. Wa kwanza kupokewa alikuwa Anna Lelkes, mpiga kinubi, ambaye tayari alikuwa amepiga nao kwa zaidi ya miaka 20. Nyuzi zilizomfungia dada yangu mlango ndizo zilizomfungulia yeye.

Basi, ndugu msomaji, sababu haimo katika chombo wala katika vidole. Imo katika mazoea yetu, nayo mazoea hubadilika. Pendo Zawose, bintiye marehemu Hukwe Zawose wa Ugogoni, na Leah, mjukuu wa mzee huyo, walitoa albamu yao mwaka 2024, zeze likiwa mikononi mwao wenyewe.

Dada yangu sasa ni bibi. Mjukuu wake akitaka kujaribu, nitamsogezea kigoda.