Laptopu iliyogoma kuwaka haijafa yote: historia fupi ya kompyuta kuamka

Tangu ndugu na marafiki wajue kwamba nilisomea sayansi ya kompyuta, swali wanaloniuliza zaidi si kuhusu programu ninazoandika. Ni hili: "Laptopu yangu ilizima ghafla na sasa haiwaki. Imekufa?" Mara nyingi kabla swali halijanifikia, mwenye laptopu ameshaambiwa na fundi kwamba mazabodi imeungua, au kwamba dawa ni kufomati. Jibu la kwanza humtoa mtu pesa. La pili humtoa picha za harusi, hesabu za duka na kazi ya chuo ya miaka minne.

Leo sitaandika orodha ya "hatua kumi za kufufua laptopu". Hizo zimejaa mtandaoni. Nataka kusimulia historia, kwa sababu ndiyo inayofundisha kutafuta ugonjwa. Kompyuta haiwaki kwa mpigo mmoja kama balbu. Inapanda ngazi, kidato baada ya kidato, na kila kidato kiliwekwa na watu fulani, mwaka fulani, kutatua shida fulani. Ukijua kidato kilitoka wapi, utajua pia kikivunjika kinalia vipi. Na utajua jambo lililo muhimu kuliko yote: diski yenye kazi yako iko karibu na mwisho wa ngazi. Kompyuta inayoanguka kwenye kidato cha kwanza haijaigusa kabisa.

Tuanze na fumbo lenyewe. Prosesa inajua kazi moja tu, kusoma amri kutoka kwenye kumbukumbu na kuitekeleza. Lakini kumbukumbu, yaani RAM, husahau kila kitu umeme ukikatika. Sasa ukiwasha mashine, amri ya kwanza itatoka wapi? Programu ya kusoma diski lazima iwe ndani ya kumbukumbu, na ili iingie humo unahitaji programu ya kusoma diski! Ni ile hadithi ya kuku na yai. Wamarekani wana msemo wa mtu anayejaribu kujiinua kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe, na ndiko neno "kubuti" lilikozaliwa, katika miaka ya 1950.

Jibu la zamani lilikuwa vidole vya binadamu. Altair 8800, kompyuta iliyotokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975, haikuwa na kibodi wala skrini. Mbele ilikuwa na safu ya swichi na vitaa. Mwenyewe alipandisha na kushusha swichi, biti kwa biti, hadi akaingiza kijiprogramu kidogo cha kutosha kusoma programu kubwa kutoka kwenye utepe wa karatasi. Paul Allen alipokuwa akisafiri kwenda Albuquerque mwaka huo kuonyesha lugha ya BASIC aliyoitengeneza na Bill Gates, alikumbuka ndani ya ndege kwamba hawakuwa wameandika kijiprogramu hicho. Akakiandika huko huko angani, kwa mkono, kabla ndege haijatua.

Bila shaka huwezi kumuuzia karani wa ofisi mashine ya namna hiyo. Ndiyo maana IBM ilipotoa PC yake tarehe 12 Agosti 1981, kijiprogramu cha kuamsha kiliwekwa kwenye chipu isiyosahau. Kiliitwa BIOS, jina lililotoka kwa Gary Kildall na mfumo wake wa CP/M. BIOS hiyo ya kwanza ilikuwa kilobaiti 8 tu. Prosesa ya 8088 iliundwa ili kila inapopata umeme iruke moja kwa moja hadi anwani moja maalumu karibu na kilele cha kumbukumbu, na hapo ikutane na BIOS ikiisubiri. Vidole vikapumzika.

IBM waliongeza jambo lingine ambalo mafundi wangepaswa kuwashukuru kila siku. Kabla ya kugusa diski, mashine ilijikagua yenyewe. Mambo yakiwa sawa, ilitoa mlio mmoja mfupi. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ulimaanisha tatizo liko kwenye picha. Makosa mengine yalipewa nambari: 201 ni kumbukumbu, 301 ni kibodi, 601 ni disketi, na ilipokuja diski ngumu ikapewa 1701. (Kutoka enzi hizo tulirithi pia ule ujumbe maarufu usemao kibodi haipo, kisha unakuamuru ubonyeze F1 ili kuendelea. Ubonyeze wapi sasa?)

Kwa nini milio? Kwa sababu skrini yenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyokaguliwa. Mgonjwa ambaye hajapata sauti lazima apewe njia nyingine ya kuonyesha panapouma. Weka wazo hilo akilini, maana ndilo lililobaki hadi leo, ingawa limebadilisha mavazi.

Lilibadilikaje? Kampuni ya Compaq iliandika BIOS yake bila kunakili ya IBM, na mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS ya namna hiyo. Wakaja pia Award na AMI. Hapo ndipo bei za kompyuta zilipoanza kushuka, lakini lugha ya milio ikagawanyika kama lugha za mnara wa Babeli: kila kampuni na msamiati wake. Katika laptopu nyingi milio imenyamaza, na badala yake kitaa cha kibodi au cha betri hupepesa kwa hesabu. Kwa hiyo laptopu yako ikipepesa mara tatu, inatulia, kisha inapepesa tena mara tatu, hiyo inazungumza nawe. Hesabu, andika, kisha tafuta modeli yako pamoja na hesabu hiyo. Usikubali mtu aseme mazabodi imekufa ilhali mazabodi yenyewe inajieleza.

Mwaka 1984 IBM ilitoa PC AT, nayo ilileta mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, BIOS ilianza kutangaza nambari ya hatua iliyofika kupitia mlango maalumu wa ndani. Fundi mwenye kadi ya kusoma mlango huo huona tarakimu mbili na kujua safari iliishia wapi. Kadi hizo bado zinauzwa. La pili ni chipu ndogo ya kudhibiti kibodi. Katika laptopu, wajukuu wa chipu hiyo walipewa kazi zaidi: kuchunga betri, feni na kitufe cha kuwashia. Chipu hiyo ni kompyuta ndani ya kompyuta, na hubaki macho hata ukidhani umezima. Nayo huweza kuganda. Ndiyo sababu ule ushauri wa kuchomoa chaja, kutoa betri na kubana kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika si uganga. Unaikatia chipu hiyo umeme ili nayo iamke upya. Haigharimu hata shilingi moja, basi ianze hiyo.

Tupande kidato kinachofuata. BIOS ikimaliza ukaguzi, hugeukia diski na kusoma sehemu ya kwanza kabisa, baiti 512. Baiti mbili za mwisho zikiwa 55 na AA, kwa hesabu ya kumi na sita, BIOS huamini na kukabidhi usukani. Huamini tu, bila kuuliza zaidi. Imani hiyo iliwavutia waharibifu. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, waliandika kirusi kilichoitwa Brain, ambacho kilikaa katika sehemu hiyo hiyo ya kwanza ya disketi na hivyo kuamka kabla ya mfumo endeshi.

Miaka ya 1990 chipu za BIOS zikawa za aina inayoweza kuandikwa upya kwa programu, ili wenye mashine waweze kuzisasisha. Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan, akaonyesha upande mbaya wa urahisi huo. Kirusi chake CIH kilisambaa mwaka 1998, na tarehe 26 Aprili 1999 kikalipuka katika mashine nyingi, hasa Asia. Kilifuta mwanzo wa diski na kujaribu kuandika takataka juu ya BIOS. Kilipofaulu, kompyuta ilibaki kimya kabisa, bila mlio wala picha, kwa kuwa kidato cha chini kilikuwa kimeng'olewa. Hata hapo dawa ilikuwa kubadilisha au kuandika upya chipu moja. Na data nyingi zilizokuwa mbele zaidi ndani ya diski zilikuwa bado zipo.

Si kila kifo hutoka kwa programu, lakini. Mwezi Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za picha zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu. Malighafi iliyounganisha chipu ilishindwa kuvumilia kupashwa joto na kupoa, kila siku, kwa miezi. Laptopu ilizima katikati ya kazi, ikawaka, ikazima tena, mwishowe feni ikazunguka lakini skrini ikawa giza. Hapo ndipo ulipoenea mtindo wa kuipiga chipu hewa ya moto. Laptopu hufufuka, mteja hulipa kwa furaha, na mara nyingi baada ya wiki kadhaa inarudi ilikotoka, maana chipu yenyewe ndiyo mbovu. Ukifufuliwa laptopu kwa njia hiyo, ichukulie kama nafasi ya kunakili data zako siku hiyo hiyo.

Vidato vya juu ndivyo vya mfumo endeshi. Tangu Windows 95, Windows imekuwa na njia ya kuwaka salama, ikiacha draiva na programu nyingi nje. Hiyo ni njia ya kuuliza: je, tatizo ni mfumo wenyewe au ni kitu kilichopachikwa juu yake? Mwaka 2000 Knoppix ilionyesha kwamba unaweza kuendesha Linux nzima kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya ndani, na Ubuntu ilituma CD zake bure kwa posta hadi mwaka 2011. Leo kazi hiyo hufanywa na flashi. Laptopu ikiwaka kwa flashi na faili zako zikaonekana, basi umethibitisha kwamba mazabodi ni nzima, na nusu ya vitisho ulivyopewa havina msingi. Jua tu kwamba UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, inaweza kuikataa flashi isiyo na sahihi inayoitambua, na kwamba diski iliyofungwa kwa siri inahitaji ufunguo wake. Utafute ufunguo huo leo, laptopu ikiwa bado nzima.

Somo lenyewe lilirudiwa mbele ya dunia nzima tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja lenye kasoro kutoka kampuni ya CrowdStrike lilifanya kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zigome kuwaka. Ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Tiba? Kuwasha kwa njia salama, kufuta faili moja, kuwasha tena. Mashine kwa mashine, kwa mkono. Hakukuwa na sababu ya kufomati hata moja. Vidato vyote vya chini vilikuwa vizima, na data zilikuwa pale pale.

Basi laptopu ikigoma, swali si "imekufa?" bali "imefika wapi?" Hakuna taa wala feni: angalia chaja, betri na ile chipu ndogo. Feni inazunguka, skrini giza: jaribu skrini ya nje, toa RAM na uirudishe kipande kimoja kimoja, hesabu mipepeso. Nembo inaonekana kisha inasema hakuna diski: hapo ndipo diski inapoingia kwenye mashaka, na ikiwa inatoa sauti ya kugonga-gonga, acha kuiwasha kabla haijajimaliza. Windows inaanza kisha inaanguka: njia salama, au flashi. Kidato kimoja hujaribiwa kabla ya kingine, kuanzia chini.

Sikatai kwamba kuna mazabodi zinazoungua kweli, na kuna laptopu mpya ambazo diski yake imelehemiwa humo humo, hivyo huwezi kuichomoa. Lakini mtu akikuambia tufomati kabla hajakuonyesha safari iliishia kidato gani, funga laptopu yako, mshukuru, uondoke nayo. Kufomati hutibu kidato kimoja tu, nacho ndicho kilichobeba mali yako.

Haya, kwa leo naishia hapo. Kama laptopu yako imewaka sawasawa asubuhi ya leo, hiyo ndiyo siku nzuri ya kunakili faili zako mahali pengine.