"Nimekwama Kidogo"

Msee akikutumia meseji "nimekwama kidogo", hauanzi kufikiria matope. Unajua kodi ya nyumba imefika na pengine hajakula tangu jana. Hilo "kidogo" halipunguzi shida, linafunika aibu tu. Sasa Waingereza ndio mabingwa wa huu mchezo, na kuna siku uliwageuka vibaya.

Ni Aprili 1951, vita vya Korea. Brigedi ya 29 ya Uingereza inalinda mto Imjin, kaskazini mwa Seoul. Usiku wa tarehe 22, wanajeshi wa China wanaanza kuvuka, maelfu kwa maelfu. Batalioni ya Gloucestershire, wanaume mia saba hivi, inazingirwa kwenye kilima. Risasi zinaisha, maji yanaisha.

Brigedi hiyo ilikuwa chini ya jenerali Mmarekani, Robert Soule. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba alimuuliza Brigedia Tom Brodie hali ikoje, na Brodie akajibu mambo ni "a bit sticky". Yaani yananata kidogo. Wamekwama kidogo!

Manze, kwa afisa Mwingereza wa wakati ule, hiyo ilikuwa nduru. Walilelewa kuamini mwanaume hapigi kelele. Mguu ukikatika, anasema ni mkwaruzo. Mwingereza mwenzake angeshtuka. Soule alisikia maneno vile yalivyo: kuna shida, lakini wanaweza. Kwa hiyo hakuona haraka ya kuwatoa pale.

Sisemi neno moja ndilo liliwamaliza. Wachina walikuwa wengi mno, na vifaru vilivyotumwa kuwafikia vilishindwa kupita. Lakini kufikia tarehe 25 kilima kilikuwa kimeenda. Zaidi ya watu 500 wa batalioni hiyo walitekwa, na wengi hawakuona nyumbani hadi 1953.

Mimi yangu ilikuwa ndogo. Niliandikia mteja wa London maelezo ya video, akajibu "quite good". Nikafurahi, nikamwambia hadi mamangu. Nikangoja kazi ingine. Kimya. Kumbe kwa Mmarekani hayo maneno ni sifa, lakini kwa Mwingereza mara nyingi yanamaanisha "si mbaya, lakini pia si ajabu".

Siku hizi nikiyaona nauliza moja kwa moja: nirekebishe wapi? Na nyinyi wa "nimekwama kidogo", tajeni tu ni pesa ngapi.