Rilei Ikilala

Saa nane za usiku niliamshwa na maji. Hayakuwa ya mvua, maana mvua huanza mbali ikasogea; haya yalianzia palepale juu ya bati la jikoni yakabaki palepale, kama mtu anamimina ndoo isiyokwisha. Nilipotoka na tochi ya simu nikakuta simtanki linafurika, pampu chini inanguruma, na programu kwenye simu hiyohiyo niliyoishika inanieleza kwa utulivu kabisa kwamba pampu imezimwa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Mchana huohuo fundi alikuwa amemaliza kunifungia swichi janja, kiboksi kidogo kama cha kiberiti kinachokaa kati ya umeme na pampu, ili niiwashe na kuizima kwa simu nikiwa popote. Hatukuijaribu, kwa sababu umeme haukuwapo. Uliporudi usiku, pampu ikarudi nao bila kutumwa na mtu. Kosa halikuwa la fundi. Lilikuwa langu, tena la kazi yangu inayonilisha: mimi ndiye niliyemtafsiria karatasi ya maelekezo.

Tuanze na kilichomo ndani ya kiboksi. Kuna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni chipu yenye Wai-Fai, inayosikiliza amri ya simu. Swichi nyingi za bei nafuu zilijengwa juu ya ESP8266, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai iliyoingia sokoni mwaka 2014. Cha pili ni rilei, kifaa chenye umri unaokaribia karne mbili. Sifa zote huenda kwa cha kwanza, lakini kinachoshika umeme wa nyumba ni cha pili.

Kwenye bodi nyingi rilei ni kijisanduku cha plastiki ya buluu, kikubwa kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. Maandishi ya mgongoni mwake yanasema karibu kila kitu: upande mmoja volti 5, umeme kama wa chaja ya simu, upande wa pili ampea 10 kwa volti 250, umeme wa kuchemshia maji. Ukikipasua utakuta waya mwembamba uliosokotwa kwenye kigurudumu, ndiyo koili. Umeme mdogo ukipita humo, koili inageuka sumaku na kuvuta kibati. Kibati kinahama kutoka pini moja kwenda nyingine, na wewe unasikia *tak*. Umeme ukiondoka, springi inakirudisha kibati kilipokuwa. Basi. Koili inakula zaidi kidogo ya theluthi moja ya wati, na kwa theluthi hiyo inaruhusu au inazuia wati 2,300 kwenye nyumba ya volti 230. Mdogo anamwamuru mkubwa aliyemzidi nguvu zaidi ya mara 6,000.

Mlio huo si mgeni kwako. Ukiingiza tarakimu 20 za LUKU baada ya kukaa gizani, ule mlio unaotoka kwenye mita kabla taa hazijawaka ni wa rilei inayorudisha umeme, na uniti zilipokwisha ni hiyohiyo iliyoukata. Kilinda-friji kinachongoja dakika chache umeme ukirudi, ndipo kiiruhusu friji kuamka, ni rilei pamoja na saa. Indiketa ya gari la zamani inayohesabu *tik-tak* kwenye kona, rilei tena. Mafundi wa magari wanalitamka neno hili bila kusita, wakiligeuza kwa kinywa chao: rilei, relei, rile. Kifaa tunacho siku nyingi. Ambalo hatukukaa tukakubaliana ni namna ya kukieleza.

Neno lenyewe limetoka safari. Wafaransa waliita *relais* wale mbwa wa kuwinda, au farasi wenye nguvu mpya, waliowekwa njiani kuwapokea waliochoka. Kwenye safari za posta, barua iliendelea, farasi alibadilishwa. Joseph Henry, mwanafizikia wa Marekani, ndiye anayetajwa sana kuwa alibuni rilei ya umeme, mwaka 1835. Telegrafu ikaihitaji, kwa kuwa umeme uliopita kwenye waya mrefu hufika umedhoofika. Kila kituo kikawekwa rilei na betri yake: umeme uliochoka unaibonyeza swichi, betri mpya inaupeleka ujumbe mbele. Samuel Morse alipofungua laini ya Washington hadi Baltimore mwaka 1844, karibu kilomita 60, wazo la yule farasi wa kubadilisha lilikuwa limeshaingia kwenye shaba.

Kwa Kiswahili tunalo neno linaloielewa picha hiyo: kupokezana. Tunasema mbio za kupokezana vijiti, na mwanariadha aliyeishiwa pumzi anamkabidhi kijiti aliyepumzika. Lakini neno moja la Kiingereza, *relay*, linaweza kuficha mambo matatu. Redio ya mkoani ikichukua taarifa ya habari kutoka redio kubwa, hatusemi inapokezana, tunasema inajiunga. Mtu akipewa salamu azipeleke kwa mwingine, tunasema anazifikisha. Mtafsiri anayekwenda kwenye kamusi kutafuta neno moja anarudi na matatu, na hapo lazima ajue anashika lipi.

Wapo watakaopendekeza *kipokezi*. Linapendeza sikioni, ila lina mwenyewe: kipokezi ni kile kinachopokea mawimbi, cha redio au cha simu, na ndani ya swichi janja kimo pia. Tutakuwa na vipokezi viwili kwenye kiboksi kimoja. *Kipokezanishi* halina mwenyewe, lakini mtu akiwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni hatalitamka. Istilahi huingia mtaani ikiwa inatamkika na ikiwa kitu chenyewe kiko mkononi. Kishikwambi, yaani tableti, kilichekwa kilipokuwa kwenye orodha ya istilahi tu. Makarani wa sensa ya 2022 walipokitembeza nyumba kwa nyumba, watu wakaanza kukiita bila kucheka. Rilei tayari iko mkononi na jina lake linatamkika, limekwisha kuvaa irabu zetu. Mimi naliacha. Hata *simu* ilitoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na leo tunalitumia kwa kitu kisicho na waya wala hatuoni tatizo.

Jina likibaki geni, maelezo yatoke nyumbani. Hapa ndipo kupokezana kunaponitia mashaka. Umewaona vijana wanaomwaga zege, wamepanga mstari wanapokezana karai: mzigo wenyewe ndio unaotoka mkono kwa mkono. Ndani ya rilei mzigo haupiti. Umeme wa koili haugusani kabisa na umeme wa pampu, na usalama wako umesimama juu ya utengano huo. Kinachovuka ni amri tu. Kwa hiyo mimi humweleza mtu rilei kwa mshenga. Mshenga anachukua neno la upande huu na kulipeleka upande ule, na pande mbili hazijakutana. Mahari haitoki mfukoni mwake wala bibi arusi haendi kwake. Neno lake ni dogo, ila ng'ombe watahama kwa neno hilo.

Tukitoka kwenye rilei tunaingia kwenye *janja*. Neno hili tumelipata kwenye simu janja na sasa linagawiwa kila kifaa: saa janja, runinga janja, taa janja. Wapo wanaotaka *erevu*, kwa hoja kwamba ujanja una harufu ya utapeli. Mimi napenda janja kwa sababu ya harufu hiyohiyo. Mjanja anajua njia, lakini hujui kama anakwambia kweli. Swichi nyingi za namna hii zinapoonyesha *imezimwa* zinakusomea amri uliyoitoa. Hazijaenda kuiangalia pampu. Mota ikianza kuzunguka hunywa umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia, na pini za rilei ndogo zinaweza kuungua zikagandana. Hapo koili imeachia, simu inasema imezimwa, na pampu inaendelea. Ndiyo maana pampu kubwa haifungwi moja kwa moja kwenye kiboksi. Rilei ndogo inaiamuru kontakta, rilei nene iliyotengenezwa kwa mota, na kontakta ndiyo inayoubeba mzigo. Mshenga anamtuma mshenga mzito zaidi.

Hesabu hii inafaa ifanywe kabla ya kununua chochote. Taa, feni, redio na chaja haziisumbui rilei ya ampea 10. Hita ya maji ya wati 3,000 inadai ampea 13, kwa hiyo imeshaivuka. Waya unaokatwa na rilei uwe ule wa moto. Ukikata wa nyutro, taa itazimika huku holda yake bado ina umeme. Na kuzima kwa simu kusiwe ruhusa ya kushika waya: teremsha mein swichi kwanza. Kuna la bando pia. Kiboksi kinachopitishia amri kwenye kompyuta za ng'ambo, bando likiisha nacho kinakuwa bubu, ingawa wewe na taa mko chumba kimoja. Chagua kinachosikia ndani ya nyumba yako, tena chenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Rilei niliyoinunua ina sehemu tatu za kuchomekea waya. COM ni ya pamoja, pale kibati kilipoanzia. Nyingine zimeandikwa NO na NC. Fundi aliniuliza, "Bosi, hizi mbili tofauti yake nini?" Nikasoma karatasi, nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyesoma: NO ni *kawaida wazi*, NC ni *kawaida imefungwa*. Yeye akafikiri, akachomeka pampu kwenye NC. Alifikiri sawasawa, kwa Kiswahili.

Kwa Kiswahili kufungua ni kuruhusu. Fungua maji, fungulia muziki, fungua redio. Funga bomba, funga redio. Pampu ambayo kawaida inatakiwa itulie iwe wapi, kama si kwenye tundu lililofungwa? Lakini kwa mwanafizikia sakiti ni duara, na duara lililo wazi halizungushi kitu. Kwake yeye wazi ni kukatika na kufungwa ni kupita. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi neno kwa neno, ikampeleka fundi kinyume. Isitoshe, *kufunga* kwa fundi kuna maana ya tatu: fundi amefunga pampu, yaani ameiweka mahali pake ikafanya kazi.

*Kawaida* nalo lilidanganya. Kwenye karatasi ile halina maana ya mara nyingi au siku zote. Linazungumzia hali moja tu, rilei isipokuwa na umeme kwenye koili. Friji inaweza kuwa imewaka mwaka mzima kupitia NO, na bado NO ikaitwa hivyohivyo, kwa kuwa jina linaiangalia rilei ikiwa haijaamriwa. Usiku ule umeme uliporudi rilei yangu haikuwa imeamriwa chochote. Kibati kilikuwa kimeegemea NC, pampu ikiwa hapo inangoja. Kila kilichotokea kilikuwa halali.

Fundi alirudi asubuhi. Bati la jikoni lilikuwa bado linadondosha. Nilimwomba radhi, nikaanza kumpa somo la duara la sakiti. Alinisikiliza kwa adabu, akafungua kiboksi, akakata umeme wa koili kisha akaurudisha mara mbili tatu, *tak, tak*, akikitazama kimulimuli cha kupimia. Kisha akasema, "Kumbe. Hii ikilala inashika. Hii nyingine ikilala inaachia. Pampu tunaiweka kwenye inayoachia."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo miaka yote gereji na kwa mafundi wa friji: rilei haishiki, swichi imegoma kuachia. Kushika na kuachia havina habari ya mlango wala bomba. Vinasema kibati kinafanya nini, na mtu hawezi kuvielewa kinyume. Na *ikilala* limelimaliza lile tatizo la kawaida kwa neno moja, kwani kinacholala kinajulikana kuwa kitaamshwa. Mimi nilikwenda kuitafuta istilahi kwenye karatasi, kumbe aliyekuwa nayo ndiye niliyemtafsiria.

Alihamisha waya, akafunga na boya ndani ya simtanki ili maji yakifika juu pampu ikatwe hata simu iseme nini. Mwisho akaomba kalamu ya wino mzito. Juu ya kifuniko, upande wa NO, akaandika IKILALA INAACHIA. Upande wa NC akaandika IKILALA INASHIKA. Karatasi ya maelekezo aliikunja akaiweka chini ya kiboksi, kisicheze.